Tundu namba tatu

Kwa miaka minne dawa ya redio iliyoganda Lushoto ilikuwa nauli. Redio yenyewe, ile inayopokea intaneti kutoka bondeni ili tuwagawie wateja wetu wa mlimani, ilikuwa na tabia ya kunyamaza mara moja au mbili kwa mwezi, hasa umeme ukichezacheza. Haikuwa mbovu. Ilitaka tu ichomolewe, uhesabu mpaka kumi, uichomeke tena. Kwa kazi hiyo ya sekunde kumi nilikuwa natoka Tanga na basi la asubuhi, Segera, Korogwe, Mombo, halafu zile kona za kupandia Soni ambazo mpaka leo zinanikoroga tumbo. Nachomoa, nachomeka, nakula wali maharage stendi, naanza safari ya kurudi.

Si ungemwambia mlinzi achomoe? Nilimwambia. Mlinzi wetu, mzee ambaye ofisi nzima tunamwita Babu, ni mtu makini sana, lakini nyuma ya ile raki, kabati la chuma lenye vifaa vyetu vyote, kuna waya nyeusi kama ishirini zinazofanana kama mapacha. Mara ya kwanza alichomoa redio kweli. Mara ya pili alichomoa seva ya bili. Baada ya hapo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi na huo msitu wako hatuelewani." Nikaacha kumsumbua.

Ndipo tukanunua PDU, kifaa cha kugawa umeme kwenye raki. Ya mtumba, ya kampuni ya APC, ya ampea 16. Ukiiona utadhani ni ekstensheni ya bei mbaya: bapa la chuma linalofungwa kwenye raki kwa skrubu, lenye matundu manane ya C13, umbo lile lile la kichwa cha waya kinachoingia nyuma ya kompyuta. Kinachoitofautisha na ekstensheni ni kwamba kila tundu lina rilei yake, yaani swichi ndogo ya kulizima na kuliwasha, na ndani yake kuna kakompyuta kenye mlango wa mtandao. Unaingia kwa SSH, njia salama ya kuandikia kifaa amri kwa mbali, ukiwa kitandani Chumbageni, Tanga, unaliambia tundu la sita lizime, na kule Lushoto linazima. Siku ya kwanza nilizima na kuwasha taa ya meza mara nane huku Babu akinisimulia kwenye simu: "Imezima. Imewaka. Imezima. Mwanangu, inatosha."

Ina ukurasa wa wavuti pia. Nimeufungua labda mara tatu tangu tuinunue. Sababu ni kwamba siku ninayoihitaji PDU ndiyo siku ambayo mtandao uko hoi, na kwenye laini inayodondosha pakiti ukurasa wenye picha na vitufe utazunguka mpaka uchoke. Skrini nyeusi inahitaji herufi chache tu, nazo hupenya. Kwa hiyo nikajifunza amri zake, ambazo kwa kweli si nyingi. Unaingia, unaona `apc>`, halafu:

```
apc>olStatus all
E000: Success
 1: Outlet 1: On
 2: Outlet 2: On
 3: Outlet 3: On
 ...
```

Zile herufi `ol` ndizo tundu. `olOn 6` inawasha la sita, `olOff 6` inalizima, `olReboot 6` inalizima kisha inaliwasha yenyewe. Muda wa kukaa gizani kati ya kuzima na kuwasha unaupanga kwa `olRbootTime`, kuanzia sekunde 5 hadi 60. Yetu ya redio niliiweka 15, kwa sababu kwa sekunde 5 kapasita za adapta yake zilikuwa bado zimeshika chaji na redio haikuhisi hata kama ilizimwa. Kila jibu linatanguliwa na namba: E000 mambo safi, E101 amri hiyo haijulikani, E102 umekosea kilichofuata baada ya amri. Baada ya wiki moja unazisoma namba hizo bila kuyaangalia maneno.

Kuna jambo moja kwenye amri hizi lililonishangaza na bado linanishangaza. Ukiandika `reboot` tupu, bila `ol`, kifaa kinakusimamisha na kukutaka uandike YES kwa herufi kubwa. Ukiogopa ukaghairi, umejisumbua bure, maana amri hiyo inaanzisha upya ule ubongo mdogo tu wa PDU. Matundu yote yanaendelea kutoa umeme, hakuna seva itakayojua. Lakini ukiandika `olOff 3`, ambayo inaweza kuzima ofisi nzima, hakiulizi kitu. Kinazima.

Sasa mnajua hadithi inaelekea wapi.

Ilikuwa Alhamisi, masika, saa tano na robo usiku. Seva ya kamera ilikuwa imeingia wazimu, inajizima na kujiwasha kila baada ya dakika chache, na kila ikiamka inaanza kunitumia ujumbe kwamba imeamka. Nikasema basi ilale mpaka asubuhi. Kwenye simu yangu nilikuwa na picha ya karatasi niliyoibandika mwenyewe kwa seloteipu kwenye mlango wa raki siku ya kufunga PDU: 1 ruta, 2 seva ya bili, 3 seva ya kamera, na kuendelea. Mwandiko wangu. Sikuwa na sababu ya kuutilia shaka.

```
apc>olOff 3
E000: Success
```

Kilichoniudhi zaidi baadaye ni hiyo Success. Iliniwahi kabla laini haijafa. Nikabonyeza Enter, kimya. Nikabonyeza tena. Nikafungua dirisha jingine nikai-ping ruta, yaani nikaiuliza kama iko hai: hakuna. Redio ya Lushoto inajibu, lakini nyuma yake hakuna hata kifaa kimoja. Nikahisi jasho la mgongoni kabla kichwa hakijaelewa.

Mwezi Januari tulibadilisha swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha vifaa vyote. Ile mpya ilikuwa na waya mfupi, haukufika tundu la tano, nikaichomeka la tatu na seva ya kamera nikaihamishia la tano. Nilijiambia karatasi nitaibadilisha nikirudi kutoka kula. Karatasi haikubadilishwa. Na swichi hiyo ndiyo njia ya kila kitu mle ndani, ikiwemo PDU yenyewe. PDU ilikuwa hai, ubongo wake hauzimwi na amri za matundu, imekaa gizani inasubiri amri yangu kwa uaminifu wote, ila sina pa kupita kuifikia.

Nikampigia Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Usiku huu, kwema?"

"Kwema, ila nimezima kitu ambacho sikupaswa kukizima."

"Basi kiwashe."

"Nilichokizima ndiyo njia ya kukiwashia."

Akanyamaza kidogo, nikasikia mvua kwenye bati la kwao. "Yaani umefunga mlango, ufunguo ukabaki ndani."

"Hasa."

"Nakuja huko kwenye msitu wako."

Nilimweleza swichi ilivyo: kile kisanduku bapa chenye waya nyingi za bluu mbele, ambacho kwa kawaida vitaa vyake humeremeta na sasa vimekufa vyote. Akakipata upesi kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia afuate waya mweusi wa nyuma mpaka kwenye PDU, auchomoe, auchomeke kwenye soketi ya ukutani. Dakika mbili za kupumua kwa nguvu kwenye simu.

"Hauingii."

"Usukume, Babu."

"Mwanangu, hauingii. Ukutani panataka meno matatu. Huu meno yake yamefichwa ndani ya kikombe."

Bila shaka. Waya wa raki una kichwa cha C14, umetengenezwa uingie PDU na si pengine popote. Mimi mtu wa mitandao wa miaka tisa nimemwambia mzee ausukume ukutani. Tundu la nane lilikuwa tupu, angeweza kuuchomeka pale, lakini tundu hilo nilikuwa nimelizima mimi mwenyewe kwa amri, ili mtu asije akachomeka kitu bila kuniuliza. Kuchomoa PDU nzima na kuirudisha sikutaka, maana kulikuwa na seva ya bili ikiandika kumbukumbu za siku, na saa ile haikuwa ya kucheza na diski.

Babu ndiye aliyeutatua. "Ile mashine ya kuchapia ya katibu," akasema, "waya wake upande mmoja una meno, upande wa pili una kichwa kama hiki kilichoingia nyuma ya swichi." Akaenda mapokezi, akachomoa waya wa printa, akarudi nao. Ukutani, kisha nyuma ya swichi. "Vitaa vinawaka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevuna.

Swichi inachukua kama dakika tatu kuamka. Nilizihesabu. Niliporudi ndani nilikuta tundu la tatu limezimwa, kama nilivyoamuru, na hapo nikaandika `olOn 3` kwa kidole kimoja kama mtoto wa chekechea. Wateja walikaa gizani dakika arobaini na kitu. Meneja wa hoteli moja alikuwa ameshaniandikia mara nne, ujumbe wa mwisho ukiwa nukta tatu tu.

Asubuhi, saa mbili na nusu, nikapigiwa simu na katibu. Printa imekufa.

Jumamosi nilipanda Lushoto, waya mpya wa printa mkononi. Karatasi niliing'oa na sikubandika nyingine. Ukuta haujui kilichochomekwa wapi, karatasi haijui, na mimi ninayejua husahau. Majina yakae ndani ya kifaa chenyewe, pale pale ninapoandikia amri:

```
apc>olName 3 SWICHI_KUU_USIZIME
apc>olName 5 seva_kamera
apc>olName 6 redio
```

Sasa `olStatus all` inanionyesha majina kabla sijafanya ujinga. Na kila nikihamisha waya, sitoki mlangoni kabla sijaandika `olName`. Nimejiwekea faini ya soda kwa Babu, na mpaka sasa nimelipa moja.

La pili lilikuwa kujivua madaraka. Kuingia kila siku kama msimamizi mkuu ni sawa na kutembea na panga mkononi ndani ya nyumba. Kifaa kinakubali watumiaji wa matundu, na `olAssignUsr` inampa mtumiaji matundu anayoruhusiwa kuyagusa. Nikaunda mmoja, nikampa redio, seva ya kamera na lile tundu la nane. Ruta na swichi kuu hana ruhusa nazo. Ndiye ninayemtumia usiku. Nywila ya msimamizi mkuu iko kwenye daftari, nalo liko kwenye droo ya chumba kingine, na huo mwendo wa kwenda kulichukua umeshaniokoa mara mbili.

La tatu ni njia ya uani. Kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi yenye modemu ya laini ya simu, imechomekwa moja kwa moja kwenye UPS, ile betri ya akiba, na si kwenye PDU, kisha waya wa siriali kutoka kwake mpaka mlango wa konsoli wa PDU, yaani tundu la kuiamuru bila kupitia mtandao. Waya huo ni wa pekee, namba yake 940-0144A, wa kawaida wa dukani haufanyi kazi ingawa kichwa kinaingia vizuri kabisa. Upande wa Pi ni `screen /dev/ttyUSB0 9600` na unakutana na `apc>` ile ile, hata kama swichi, ruta na redio vyote vimelala. Gharama yake ni bando dogo la kila mwezi ambalo mhasibu huliuliza kila mwezi.

Kuhusu umeme unaporudi baada ya kukatika, hapa nilichelewa kujifunza. Zamani kila kitu kiliwaka kwa pamoja, mkupuo mmoja, UPS inalia, na seva ya bili inaamka kabla ya swichi, inautafuta mtandao, haiuoni, inakata tamaa na kubaki imekaa hivyo hivyo. Sasa kila tundu lina subira yake kwa `olOnDelay`, na juu yake kuna `devStartDly`, sekunde zinazoongezwa kwa matundu yote PDU ikipata umeme upya. Redio na ruta kwanza, swichi inafuata, seva dakika mbili nyuma. Ukiwa chumbani unasikia rilei zikigonga moja moja, ta, ta, ta. Babu anasema ni kama watu wanaingia msikitini.

Usalama nitausema kwa ufupi kwa sababu unanikasirisha. Vifaa hivi vya zamani vilitoka kiwandani na jina `apc` na nywila `apc`, na SNMP, njia ya kuvisoma na kuviamuru vifaa kupitia mtandao, yenye neno la siri `private`. Mtu mwenye neno hilo hahitaji hata kuingia. Anatuma namba 3 kwenye anwani inayoanza na 1.3.6.1.4.1.318, ambayo 318 yake ni ya APC, na tundu lako linazimwa na kuwashwa. Namba 2, linazimwa moja kwa moja. Nimeingia kwenye raki za watu wengine nikakuta hivyo hivyo, na anwani ya PDU inaonekana intaneti nzima. Ya kwetu iko kwenye mtandao wake peke yake, haifikiki bila VPN, ile njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wetu, Telnet, njia ya kizamani isiyoficha nywila, imefungwa, SNMP ya kusoma tu. Laptopu yangu mpya iligoma kuongea nayo mwanzoni, ikisema funguo za `ssh-rsa`, aina ya kizamani ambayo PDU hujitambulisha nayo, haizipendi. OpenSSH, programu ya SSH ya laptopu yangu, iliacha kuzikubali bila kuambiwa tangu toleo la 8.8 mwaka 2021. Suluhisho ni mstari mmoja, `HostKeyAlgorithms +ssh-rsa`, kwenye faili la mipangilio, chini ya jina la PDU hiyo tu. Msiufungulie ulimwengu mzima kwa ajili ya kifaa kimoja kizee.

Nimebakiza kisa cha birika.

Kati ya amri zote, ninayoipenda ni ambayo haizimi chochote. `phReading all current` inakuambia raki inakula ampea ngapi sasa hivi. Yetu hukaa tatu na pointi kidogo, mchana na usiku, kama mapigo ya moyo wa mtu aliyelala. Nilitengeneza skripti ya kuisoma kila dakika tano ili nione kama kuna kitu kinapanda polepole. Wiki za kwanza nikakuta mchoro wa ajabu: kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, ampea zinaruka kutoka 3 hadi karibu 12, zinakaa hapo dakika chache, zinashuka. Jumamosi na Jumapili hakuna. Siku za saumu ya Ramadhani, hakuna.

Nilisumbuka siku mbili nikitafuta seva inayofanya kazi nzito saa nne. Kisha nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Tofauti ni ampea 8.7. Zidisha kwa volti 230: wati 2000. Hakuna seva yetu yenye tamaa hiyo. Kinachokula wati 2000 saa nne asubuhi katika ofisi ya Watanzania ni birika la chai.

Ilikuwa ekstensheni ya mafundi, ya kuchomekea laptopu, ambayo sasa ilikuwa kwenye tundu la nane. Kumbe nilipoliwasha siku ile ya Jumamosi ili nijaribu yule mtumiaji mpya, sikulizima. Wenyeji wakagundua kwamba kwenye "soketi ya mtandao" umeme haukatiki hata mtaa mzima ukiwa giza, wakahamishia chai yao pale. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, UPS ingelia nami ningekoroga sukari.

Sikumpigia mtu simu. Kesho yake saa nne na dakika mbili nilisubiri ampea zipande, nikaandika `olOff 8`. Zikashuka. Dakika moja baadaye nikawasha, zikapanda. Nikazima. Mara ya tatu simu yangu ikaita.

"Mwanangu," Babu akasema, "kuna watu hapa wana vikombe mkononi wananiuliza kama birika limeharibika."

"Waambie birika ni zima."

Akacheka mpaka akakohoa. Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika haya, saa nne na dakika tano, nimeangalia tena.

```
apc>phReading all current
E000: Success
1: 3.1 A
```

Nikampigia nimuulize siku hizi chai wanaichemshia wapi.

"Kwa mama lishe hapo ng'ambo," akasema. "Ya kwake ina tangawizi."